Alama ya Ng'ombe Kwenye Chipu

S.L.P. 46, Bariadi, Shinyanga
12 Februari 1995

Shemeji Dastan,

Mwangaluka. Huku ni mhola, salama tu, sijui huko kwenye theluji. Barua yako ya Krismasi ilifika juzi imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalikuwamo.

Wiki hii mume wangu, kaka yako Machibya, ametimiza miezi sita kaburini. Kila Jumamosi nafungua kibanda chake cha redio pale sokoni, nafagia, naacha upepo upite, nafunga. Sijagusa kitu. Bisibisi zimelala alivyozilaza mwenyewe, na risasi ya kulehemu bado imezungushwa kwenye kile kijiti.

Watu wawili wanataka kukikodi. Mmoja ananunua pamba. Siku hizi kila mwenye mzani na lori ananunua pamba, si ushirika peke yake. Mwingine anauza redio mpya za kutoka Dubai. Ameniambia, "Mama, redio ya sasa haitengenezwi, inatupwa." Nimewaambia wasubiri. Wakiniuliza ninasubiri nini, nachukua ufagio.

Cherehani inanilisha, ingawa mitumba imetubana. Sketi za shule bado zinaletwa kwangu.

Mama mkwe kule Nassa anauliza tena kwa nini hukuja kuzika. Namwambia simu ya maandishi ilikufikia siku tatu baada ya maziko. Ndivyo ilivyokuwa. Usijikondeshe.

Sasa nieleze kazi yako. Watu wakiniuliza nasema unatengeneza simu, na wewe ulisema si simu. Nieleze kama unavyomweleza mtu wa darasa la saba, maana ndiye mimi.

Shemeji yako,
Klementina

*

Stuttgart, Ujerumani
9 Machi 1995

Mpendwa shemeji,

Wabeja, asante kwa michembe. Bahasha ilifika imepasuka, mtu wa posta akanipa pamoja na vipande vilivyomwagika, akaniuliza kama ni dawa. Nilimwambia ni viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakuamini mpaka nilipotafuna kimoja mbele yake.

Wewe ni mshonaji, kwa hiyo nitaanzia kwenye uzi. Kuna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, unaolazwa chini ya ardhi kutoka mji hadi mji. Ndani yake unapita mwanga, na mwanga huo unabeba maneno ya maelfu ya watu kwa pamoja. Mwanzoni mwa uzi kuna taa ndogo inaitwa leza. Ili ibebe maneno yote hayo, lazima ipewe amri ya kuwaka au kufifia mara bilioni kumi kwa sekunde moja. Amri hiyo itatoka kwenye chipu yangu. Ni kipande kama punje ya ulezi, nami nimekichora kwa miezi kumi na minne.

Chipu haikai uchi. Inalazwa ndani ya kasha la chuma lililopakwa dhahabu. Halafu mama mmoja wa makamo, anaitwa Renate, anashona nyuzi za dhahabu kutoka kwenye chipu hadi kwenye kasha, akitazama kwa hadubini. Mwisho kifuniko kinachomelewa. Huyu Renate ni mnung'unikaji. Kila mchoro wangu anautia kalamu nyekundu. Siku moja nilimwambia, "Mama, wewe shona tu." Alicheka, lakini hakikuwa kicheko kizuri.

Kuna jambo sijamwambia mtu hapa. Wachoraji wa chipu huwa na desturi ya kuacha kijichoro chao pembeni, kidogo kiasi kwamba bila lenzi hukioni. Mimi nimeweka alama tuliyokuwa tukiwachoma ng'ombe wa kwetu, mstari mmoja na nukta mbili chini yake, ile ile kaka aliyokuwa akiikwaruza kwenye kila redio aliyotengeneza. Sikumtupia hata kiganja cha udongo. Basi alama yake itakaa pale mwanga unapoanzia safari.

Chipu itatoka kiwandani mwezi wa tano. Ikifaulu ndani ya kasha kabla ya Januari kwisha, itaingia kwenye mitambo na mkataba wangu utaongezwa. Isipofaulu, kazi itapewa kundi jingine nami nitafunga mizigo. Itafaulu.

Wako,
Dastan

*

Bariadi
2 Aprili 1995

Shemeji,

Nilisoma ile sehemu ya alama nikaweka barua chini, nikashona pindo zima la gauni kabla sijaendelea.

Jumapili nilipanda gari hadi Nassa kumwambia mama mkwe. Alikuwa anapepeta mchele. Nilimweleza kwamba alama ya ng'ombe wa marehemu baba mkwe imefika Ujerumani, imewekwa ndani ya kitu kidogo kama punje ya ulezi. Akauliza, "Wanaiona?" Nikasema kwa lenzi. Akaweka ungo chini, akamwita jirani, na jirani akamwita mwingine. Mpaka jioni Nassa yote ilikuwa na habari, wengine wakisema umepewa kiwanda. Mzee Bujiku wa Kimali, yule mteja wa zamani wa kaka yako, alipita dukani kwangu akasema, "Kumbe wale ng'ombe waliokufa kwa kiangazi walikwenda Ulaya."

Kwa hiyo ujue, alama hiyo si yako peke yako tena.

Huyo mama Renate mpe salamu zangu. Nami nashona. Macho yanamuuma jioni?

Klementina

*

Stuttgart
29 Mei 1995

Mpendwa shemeji,

Chipu imefika. Tuliiweka mezani ikiwa wazi, tukaigusa kwa sindano za kupimia. Kwenye kioo cha mashine linatokea umbo kama jicho. Kazi ikiwa safi jicho linafunguka, ikiwa chafu linafumba. Jicho la chipu yetu lilifunguka wazi. Bosi alinipa mkono.

Salamu kwa mama na kwa wote wa Nassa. Nina kazi nyingi.

Dastan

*

Bariadi
18 Juni 1995

Shemeji,

Nimefurahi kwa jicho. Lakini umeniandikia nusu ukurasa. Mtu niliyemlea tangu darasa la tatu, ambaye akishinda mpira aliusimulia mpaka ugali ukapoa, leo anapewa mkono na bosi Mzungu na anaandika mistari saba.

Siku kaka yako alipounguza redio ya mwalimu mkuu, alirudi nyumbani akaniambia, "Leo joto." Akala, akalala. Nilijua siku ya pili nilipomwona mwalimu mlangoni.

Unasema jicho lilifunguka chipu ikiwa wazi mezani. Na ndani ya kasha, je?

Klementina

*

Stuttgart
10 Julai 1995

Shemeji,

Leo joto.

Ndani ya kasha jicho limefumba. Chipu kumi na mbili, makasha kumi na mawili, yote ni yaleyale. Kifuniko kikitolewa, limefumba. Kikirudishwa, limefumba. Chipu ni nzuri, nimeipima mwenyewe, kwa hiyo ubaya unaingia wakati wa kushona. Nyuzi za Renate ni ndefu. Kwa kasi hii hata uzi wa dhahabu wa milimita moja ni kizuizi: umeme unafika umechelewa na umechafuka, amri moja inamwagikia nyingine.

Nimemwandikia bosi hivyo. Nimesema mkono wa Renate umeanza kuchoka. Amejibu kwamba huenda akamhamishia stoo hadi siku yake ya kustaafu. Renate ameshapata habari. Ananipita kwenye ngazi.

Sikutaka ujue kabla sijarekebisha. Nassa usiwaambie.

Dastan

*

Bariadi
1 Agosti 1995

Shemeji Dastan,

Nassa sijawaambia.

Nakuomba usome hii polepole. Mwaka 1987 Mzee Bujiku alileta redio kutoka Kimali. Kaka yako akaifungua, akaitengeneza, ikaimba pale mezani mpaka watu wakasimama kusikiliza. Mzee akaifunga kwenye baiskeli akaenda zake. Baada ya wiki akairudisha, imenyamaza. Machibya akaifungua, ikaimba. Mzee akaondoka nayo, akarudi. Mara ya tatu kaka yako akamwambia, "Mzee, ubaya uko nyumbani kwako, siyo kwenye redio." Bujiku akasema, "Basi njoo uitengeneze nyumba."

Kwa hasira alipanda baiskeli hadi Kimali. Siku nzima. Kule akagundua kwamba redio ilikuwa ikinyamaza pale tu kifuniko kinapobanwa. Waya aliouweka yeye mwenyewe ulikuwa mzuri redio ikiwa wazi, lakini kasha likifungwa, kifuniko kilikuwa kinaukandamiza juu ya chuma. Alikuwa ameitengeneza redio isiyo na nyumba.

Aliporudi alikuwa amekauka midomo. Nilimpa maji. Akasema, "Klementina, kazi iliyorudi ni ya kwangu." Kuanzia hapo hakupokea pesa kabla ya redio kuimba ikiwa imefungwa skrubu zote. Na ndipo alipoanza kukwaruza alama na tarehe, ili kazi ikirudi asije akaikana.

Tena nakwambia kama fundi cherehani. Mkataji akikosea kitambaa, anayelaumiwa ni mshonaji, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika nguo mwisho. Nimelaumiwa hivyo mara nyingi, na mkataji ananitazama tu. Uzi unakuwa mrefu kwa sababu tundu liko mbali. Hakuna mshonaji anayependa uzi mrefu.

Ulisema huyo mama anatia kalamu nyekundu kwenye michoro yako. Aliandika nini? Uliisoma?

Klementina

*

Stuttgart
24 Agosti 1995

Shemeji,

Sikuisoma. Nilikwenda kwenye kabati nikatoa mchoro wa Desemba. Kalamu nyekundu iko palepale, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Aliandika mambo mawili.

La kwanza: chipu imekaa juu ya sakafu ya kasha kama mtu juu ya kiti, kwa hiyo uzi unapanda na kushuka. Alitaka tuchimbe kishimo, chipu izame, uso wake uwe sawa na njia ya umeme, kama kichwa cha cherehani yako kilivyozama mezani ili kitambaa kisipande mlima. Hilo ni kasha, linachongwa upya kwa wiki mbili.

La pili ndilo lililonikalisha chini. Aliomba mahali pa kushonea uzi wa kutokea pasogezwe hadi ukingoni kabisa, na kando yake pawe na mahali pengine pa uzi wa kurudi. Umeme ukienda unahitaji njia ya kurudi, na njia hiyo iwe karibu, la sivyo unazunguka mbali na kupotea. Nilimjibu kwa penseli: hakuna nafasi.

Shemeji, nafasi ilikuwepo. Ndipo nilipoweka alama ya kaka.

Nilikwenda kwa Renate nikiwa na ule mchoro. Sikujua nianze vipi, nikamwambia tu kwamba kazi iliyorudi ni ya kwangu. Akauliza ni nani aliyenifundisha hivyo. Nikamwambia kuhusu Bujiku na baiskeli. Alicheka, safari hii kweli. Kisha akaniambia, "Nenda ukamwambie bosi. Mimi nitakusubiri na chai." Nilikwenda. Bosi hakunipa mkono, lakini Renate amebaki kwenye hadubini yake.

Tumekaa pamoja siku nne, yeye na nyuzi, mimi na mchoro. Tumepata njia. Lakini mchoro mpya lazima uende kiwandani tarehe 30 Septemba. Hakuna nafasi nyingine kabla ya Januari. Nimesogeza kila kitu kinachosogezeka. Alama haina pa kwenda. Nikiiacha, jicho litafunguka nusu. Nikiifuta, ninamfuta kaka kwa mkono wangu, baada ya kushindwa kumzika, na Nassa yote inajua yumo humo.

Niambie nifanye nini. Bila neno lako siwezi kubonyeza kitufe cha kufuta.

Dastan

*

SIMU YA MAANDISHI
BARIADI 12 SEPTEMBA 1995

FUTA ALAMA. USINGOJE. BARUA INAKUJA. KLEMENTINA

*

Bariadi
12 Septemba 1995

Shemeji Dastan,

Nimetoka posta sasa hivi. Karani alisoma maneno yangu, akaniuliza, "Mama, alama gani?" Nikamwambia ya ng'ombe. Akaniangalia.

Futa, na usilie juu yake. Umesahau kitu kimoja kwa sababu ulikuwa mdogo na ulikuwa ukitazama moto wa kulehemu. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia taa, nikaona. Kaka yako hakukwaruza alama kwenye mashine ya redio hata siku moja. Alisema mashine ni mahali pa kazi, kila sehemu ina shughuli yake. Alikwaruza ndani ya kifuniko. Alikigeuza, akachora mstari na nukta mbili, akakirudisha. Mwenye redio hakuiona. Fundi atakayeifungua ndiye atakayeiona.

Hilo kasha lako lina kifuniko. Mwombe mama Renate.

Mama mkwe nilimwambia jana kabla sijaenda posta, maana nisingeweza kukutumia neno hilo peke yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwani Machibya alikuwa anachora wapi?" Nikasema ndani ya kifuniko. Akasema, "Basi huyo mtoto alitaka kujionyesha." Nilipokuwa naondoka alinifuata hadi barabarani na kifurushi cha michembe. Ni yako. Safari hii nimekishonea mfuko.

Klementina

*

Stuttgart
26 Januari 1996

Mpendwa shemeji,

Simu yako ya maandishi ilifika tarehe 14 Septemba. Niliisoma, nikabonyeza, nikaenda kutembea mtoni. Barua ilipofika mchoro ulikuwa umeshakwenda, nami nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni na koti.

Chipu mpya zilikuja tarehe 8 mwezi huu. Renate alikataa kuzipima wazi mezani. Alisema, "Zikiwa ndani ya nyumba, au tusizipime kabisa." Akalaza ya kwanza kwenye kishimo, akashona. Nyuzi zimekuwa fupi kiasi kwamba kwa macho ya kawaida huoni kama kuna uzi. Kabla ya kufunga alikigeuza kifuniko, akachukua ncha ya almasi, akaniuliza mstari uwe na urefu gani. Nilimwonyesha. Akachora mstari na nukta mbili, halafu akaniuliza tarehe ya siku ile kama vile haijui. Akafunga, akachomelea.

Tuliwasha. Bilioni kumi kwa sekunde, ndani ya kasha, kifuniko juu. Jicho likafunguka. Tuliliacha hivyo saa sabini na mbili. Bosi alikuja mara tatu kutazama, mara ya tatu akaja na mke wake.

Mkataba umeongezwa miaka mitatu, na likizo yangu ni Julai. Ninakuja. Nitafika kwanza Nassa, nipate kukaripiwa, kisha kaburini.

Ndani ya kiberiti kilichofungwa kwa pamba nimekuwekea chipu moja ya zamani, iliyofumba. Chukua ile lenzi ya kaka iliyo kwenye droo ya kushoto ya kibanda. Tazama pembe ya juu.

Wako,
Dastan

*

Bariadi
18 Februari 1996

Shemeji Dastan,

Nimeiona. Ilinichukua muda, mpaka nilipoegemeza kiwiko mezani kama alivyokuwa akifanya yeye. Mstari na nukta mbili. Umenyoosha mstari kuliko kaka yako, wake ulikuwa unapinda kidogo kulia.

Jana, ili nipate lenzi, ilibidi nifungue droo, kwa hiyo nimegusa vitu vyake. Nilidhani ningelia. Nilikuta kipande cha sabuni na risiti ya betri.

Nikiwa bado nimekaa pale, Mzee Bujiku akaingia na redio yake, ileile. Alipoona mlango wazi alidhani kuna fundi. Nikamwambia fundi hayupo. Akasema, "Wewe si ndiye uliyekuwa unashika taa?" Akaiweka mbele yangu, akaketi.

Nilifungua skrubu. Ndani ya kifuniko ipo: mstari unaopinda kulia, nukta mbili, na 3.6.87. Nilitazama mashine kama alivyokuwa akitazama, bila kugusa kwanza. Springi ya betri ilikuwa imeota kutu ya kijani na waya mmoja mwekundu umeachia. Nilisugua kwa msasa, nikawasha jiko, nikapasha chuma, nikaulehemu ule waya, nikaukata mfupi. Ikaimba. Bujiku akanyoosha mkono aichukue. Nikamwambia, "Subiri, Mzee." Nikarudisha kifuniko, nikakaza skrubu zote nne, ndipo nikaiwasha tena. Ikaimba.

Wale wa pamba na wa redio za Dubai nimewaambia kibanda hakikodishwi. Jumamosi nitakuwa kule, siku nyingine kwenye cherehani.

Jambo moja sikukwambia. Kabla sijakaza zile skrubu, nilikigeuza kifuniko, na chini ya tarehe yake nikakwaruza ya jana. Ikirudi, nitajua ni ya kwangu.

Klementina